Mizani ya dhahabu: Kibao kidogo chenye hesabu kubwa

CHUKUA mfano wa wenza watatu wa duara moja huko Nyarugusu: mwenye leseni, mwenye karasha na mfadhili aliyetoa fedha za dizeli na chakula. Jioni, dhahabu ikishachomwa, kipande kinawekwa juu ya mizani ndogo ya mfukoni nayo inaandika gramu 51.42. Asubuhi mfadhili anakipeleka mjini Geita. Kinawekwa juu ya mizani mpya ya dila, inayong'aa, iliyotoka Ujerumani mwezi uliopita. Inaandika gramu 51.25.

Zimekosekana gramu 0.17. Kwa bei ya shilingi 300,000 kwa gramu, ambayo ni ya mfano tu na itatumika katika hesabu zote zinazofuata kwa kuwa ni nyepesi kuzidisha, hizo ni shilingi 51,000. Mfadhili akirudi na habari hiyo kwa wenzake, atatazamwa kwa jicho la pembeni.

Wafanyabiashara wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Katoro na Rwamgasa, wanazifahamu tofauti za aina hii. Kwa kawaida huitwa wizi, au hupuuzwa kama bahati mbaya. Mara nyingi si wizi wala bahati. Maelezo yake yamechapwa kwa herufi ndogo kwenye kibao kilichobandikwa ubavuni mwa mizani, na kwenye kijitabu kilichotupwa pamoja na boksi siku mizani iliponunuliwa.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu Machi 17, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua soko la madini la Geita, la kwanza nchini. Kabla ya hapo, Februari mwaka huo huo, Bunge lilikuwa limewaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ili dhahabu iache kupita njia za panya. Masoko mengine yalifuata, yakiwamo ya mkoa wa Shinyanga. Dhahabu iliyokuwa ikipimwa chumbani, kwa mizani ya mikono na njiti za kiberiti, sasa hupimwa mezani mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, na tarakimu iliyo kwenye kioo ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya muuzaji, ya mnunuzi na ya mrabaha wa Serikali. Pande tatu zinalipana kwa kutazama kioo kimoja.

Kompyuta isiyoonekana

Ndani ya mizani ya kisasa hamna springi wala mawe ya kulinganishia. Kuna kipande cha aluminiamu kilichogundishwa nyuzi nyembamba za metali. Uzito ukiwekwa, kipande hupinda kidogo mno, nyuzi huvutika, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Chipu moja hugeuza mabadiliko hayo kuwa tarakimu. Chipu nyingine, maikroprosesa, huzisoma tarakimu hizo, hutoa uzito wa sahani, huzidisha kwa kigawo kilichohifadhiwa katika kumbukumbu yake, kisha huandika gramu. Wakati mwingine kazi zote mbili hufanywa na chipu moja. Mizani za bei kubwa hutumia nguvu ya sumaku badala ya kipande kinachopinda, lakini nazo huishia kwenye maikroprosesa na kigawo chake.

Kigawo hicho ndicho roho ya biashara. Anayekibadilisha amebadilisha gramu, na kwa nje mizani itaonekana vilevile.

Maikroprosesa ya kwanza kuuzwa kibiashara, Intel 4004, ilitoka mwaka 1971. Mwaka 1980 kampuni hiyo hiyo ikatoa 8051, kompyuta kamili katika chipu moja, iliyokusudiwa kufichwa ndani ya mashine nyingine: mashine ya kufulia, pampu ya mafuta, mizani. Zaidi ya miaka 40 baadaye muundo wake bado unaigwa na watengenezaji wengi wa chipu za bei nafuu. Chipu ya HX711 ya kampuni ya Avia Semiconductor ya China, iliyobuniwa mahsusi kwa mizani, ina karatasi ya maelezo ambayo ndani yake mna mfano wa programu ulioandikwa kwa ajili ya 8051.

Karatasi za namna hiyo zina desturi zake za uandishi, na desturi hizo hazitofautiani sana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ukurasa wa kwanza ni wa muuzaji. Humo ndimo mnamotangazwa kuwa chipu ina biti 24, yaani inaweza kugawa kipimo katika hatua 16,777,216. Mnunuzi akiishia hapo ataamini kwamba mizani ya shilingi elfu kadhaa inaweza kupima vumbi. Kurasa za ndani zina jedwali lenye safu tatu: kima cha chini, kima cha kawaida na kima cha juu. Kiwanda kinawajibika kwa kima cha chini na cha juu. Kima cha kawaida ni taarifa tu. Hakuna anayeweza kudai fidia kwa sababu chipu yake haikufikia "kawaida". Mnunuzi wa pamba wa Shinyanga anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Anajua robota kwa kawaida lina uzito gani, lakini halipi robota la kawaida. Analipa lililopimwa.

Jedwali jingine, ambalo kwa kawaida hutangulia hilo, hutaja mipaka ya mwisho kabisa: volti, joto na mkondo ambao chipu ikiuvuka inaweza kuharibika. Fundi asiyejua desturi hiyo huisoma kana kwamba ndiyo mipaka ya kufanyia kazi. Sivyo. Kati ya kutoungua na kupima sawasawa kuna umbali mkubwa, na hasara ya dila iko katika umbali huo.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana kwa hesabu fupi. Kipande cha kupimia cha kawaida, kikilishwa volti 5, hutoa milivolti 10 tu kikibeba mzigo wake wote. Kwa mizani ya gramu 600, sehemu moja ya mia ya gramu ni sehemu moja kati ya 60,000 za milivolti hizo 10: karibu moja ya sita ya sehemu moja ya milioni ya volti. Umeme mdogo kiasi hicho husumbuliwa na feni ya mezani, na joto la bati la kibanda, na simu iliyowekwa karibu. Ndiyo maana HX711 huweza kusomwa mara 10 au mara 80 kwa sekunde, na karatasi yake inaonyesha kuwa ukitaka haraka utapata kelele zaidi. Dila anayetaka tarakimu itulie mara moja ili amhudumie mteja anayefuata analipia haraka yake bila kujua.

Herufi mbili za kibao

Mfanyabiashara hahitaji kufungua mizani ili aone yote hayo. Desturi za kimataifa zimeyafupisha kwenye kibao. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lililoundwa mwaka 1955 na lenye makao yake Paris, lina waraka wake namba R 76 unaoeleza mizani ya biashara iandikwe nini. Maandishi yenyewe ni machache: Max, Min, e, d, na namba ya Kirumi inayotaja daraja.

Max ni mzigo wa juu, na halina utata. Min halisomwi na watu wengi, ingawa ndilo linalomhusu mchimbaji mwenye vipande vidogo: ni uzito ambao chini yake kosa la mizani huwa kubwa mno kulinganisha na kinachopimwa. Herufi d ni hatua ya kioo, yaani tarakimu ya mwisho inaruka kwa kiasi gani. Herufi e ndiyo hatua ya kisheria. Makosa yote yanayoruhusiwa hupimwa kwa e, wala si kwa d.

Tuseme mizani mbili ziko dukani na bei zake zinatofautiana sana. Ya kwanza imeandikwa Max 600 g, Min 0.5 g, e = 0.1 g, d = 0.01 g. Ya pili: Max 300 g, Min 0.02 g, e = 0.01 g, d = 0.001 g. Zote ni daraja la II, linalofaa kwa vitu vya thamani. Mteja asiyezoea ataiona ya kwanza inaonyesha sehemu za mia na kuridhika, tena inabeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa daraja la II, mizani inapohakikiwa kwa mara ya kwanza inaruhusiwa kukosea nusu ya e hadi kufikia mzigo wa 5,000e. Ikiwa kazini, kosa linaloruhusiwa ni mara mbili ya hapo, yaani e nzima. Kwa mizani ya kwanza, hiyo ni gramu 0.1 kwa mzigo wowote usiozidi gramu 500: shilingi 30,000. Kwa mizani ya pili ni gramu 0.01 hadi mzigo wa gramu 50: shilingi 3,000. Mizani ya kwanza ikipimia vipande 20 kwa siku na ikawa imeegemea upande mmoja hadi ukomo wa ruhusa yake, hizo ni gramu 2, yaani shilingi 600,000, na mkaguzi akija ataiona haina kosa. Si kwamba kila mizani hufikia ukomo huo. Ila sheria haimzuii kufika.

Tarakimu ile ya mwisho ya mizani ya kwanza ni ya ziada. Desturi inataka itofautishwe na nyingine, kwa kuzungushiwa mstari au kwa kuandikwa kwa sura tofauti, ili mtu ajue kuwa haina dhamana. Kwenye meza nyingi inasomwa kama nyingine zote na kulipiwa kama nyingine zote.

Mizani za mfukoni zinazouzwa pamoja na betri na chaja za simu huwa na Max na d peke yake. Hazina e, hazina daraja. Herufi iliyokosekana ni taarifa kamili: mtengenezaji hakuzikusudia kwa biashara, na mara nyingine kijitabu chake kinasema hivyo waziwazi. Hilo halina maana kwamba zinapima vibaya kila wakati. Maana yake ni kuwa hakuna anayejibu zikipima vibaya.

Mvutano wa dunia

Turudi kwa dila na mizani yake ya Ujerumani. Kwenye kijitabu cha karibu kila mizani ya daraja la II mna maagizo kwamba irekebishwe mahali itakapotumika. Wengi huyapita, wakidhani ni tahadhari ya kiwanda ya kujikinga na lawama.

Mizani ya mikono, yenye sahani mbili, hulinganisha jiwe na dhahabu, na mvutano wa dunia huvuta pande zote mbili sawa. Mizani ya kielektroniki hailinganishi chochote. Inapima jinsi dunia inavyovuta, kisha inakisia gramu kwa kigawo kilichowekwa kiwandani. Na dunia haivuti sawa kila mahali. Ujerumani mvutano ni karibu 9.81. Shinyanga na Geita, karibu na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ni karibu 9.777. Tofauti ni theluthi moja ya asilimia, nayo inaelekea upande mmoja siku zote: mizani iliyorekebishwa kaskazini ikifika kwetu inaandika pungufu. Gramu 100 za dhahabu zitasomeka 99.66. Muuzaji amepoteza zaidi ya shilingi 100,000 na hakuna aliyemwibia.

Mizani iliyorekebishwa Shanghai, ambako mvutano ni karibu 9.794, itapunguza takriban nusu ya hapo. Hata safari ya ndani ya nchi inahesabika. Mizani iliyorekebishwa Dar es Salaam, kando ya bahari, ikipandishwa Geita bila kuguswa itapunguza karibu gramu 0.04 katika kila 100. Ni shilingi 12,000. Kwa mizani ile ya pili yenye e ya 0.01, kosa hilo limeshavuka ruhusa, hata ile ya mizani iliyo kazini, ambayo kwa gramu 100 ni 0.02.

Baadhi ya mizani zina jiwe la ndani linalojirekebisha lenyewe, nazo bei yake ni ya juu kwa sababu hiyo. Nyingine huhitaji jiwe la nje. Mawe nayo yana madaraja: jiwe la gramu 200 la daraja F1 halitakiwi kukosea zaidi ya miligramu 1, la F2 miligramu 3, la M1 miligramu 10. Kurekebisha mizani ya miligramu kwa jiwe la M1 ni kuihamishia mizani kosa la jiwe, na kurekebisha kwa sarafu, jambo ambalo halijakoma vijijini, ni kupoteza muda.

Vitufe na lakiri

Mtego mwingine uko kwenye kitufe cha vipimo. Mizani moja inaweza kuandika gramu, karati, tola, na wakia za aina mbili. Wakia ya madini ya thamani, ambayo bei ya dunia hutangazwa kwayo, ni gramu 31.1035 na kwa desturi huandikwa ozt. Wakia ya bidhaa nyingine, oz, ni gramu 28.35. Tola, iliyozoeleka katika biashara ya dhahabu ya Bara Hindi na Ghuba, ni gramu 11.66, na ufupisho wake hukaribiana na ule wa tael ya Hong Kong, ambayo ni gramu 37.43. Kipimo kiitwacho dwt ni gramu 1.555, kioo kikiachwa hapo, gramu 10 zitasomeka 6.43, na kitu pekee kinachotoa habari ni kialama kidogo pembeni ya kioo.

Neno karati lenyewe ni mtihani. Kwa mnunuzi wa almasi wa Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, karati ni uzito: gramu 0.2. Kwa sonara wa Kahama, karati ni usafi, na dhahabu tupu ni karati 24. Mizani inajua ile ya Maganzo tu.

Kwa upande wa ulinzi, mizani ya biashara hufungwa lakiri. Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002 na unaosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, huhakiki mizani kila mwaka na kubandika stika. Lakini lakiri ya risasi au ya karatasi huzuia bisibisi, na kigawo hakifikiwi kwa bisibisi. Kinafikiwa kwa vitufe. Desturi ya R 76 imelifikiria hilo: mizani nyingi zenye cheti zina kihesabio cha ndani ambacho huongezeka kila marekebisho yanapofanywa na hakiwezi kurudishwa nyuma. Namba yake huandikwa siku ya uhakiki. Ikiwa siku ya uhakiki ilikuwa 0014 na leo ni 0016, lakiri imevunjwa mara mbili hata kama stika haina mkwaruzo. Namna ya kuitazama namba hiyo imo kwenye kijitabu, kwa kawaida nusu ukurasa. Ni nusu ukurasa wenye faida kuliko mwingine wowote humo.

Herufi zinazoonekana kwenye kioo pia zina lugha yake. Kioo cha vipande saba hakiwezi kuandika kila herufi, kwa hiyo watengenezaji hulazimika kukatisha maneno: CAL kwa marekebisho, Err kwa kosa, OL kwa mzigo uliozidi, Lo kwa betri iliyopungua. Mizani iliyoandika Lo na ikaendelea kutumika hadi jioni imefanya biashara ya nusu siku kwa umeme usiotosha.

Joto nalo limo kwenye kibao. Kama hakuna kilichoandikwa, desturi ni kwamba mizani inatakiwa kupima sawasawa kati ya nyuzi joto 10 chini ya sifuri na 40 juu yake. Kwa daraja la II mtengenezaji anaruhusiwa kubana masafa hayo hadi nyuzi 15 tu, mradi ayaandike. Ikiandikwa 15 hadi 30, kibanda cha bati mjini Shinyanga saa nane mchana kiko nje ya mkataba. Aidha, mizani za daraja hili huhitaji kuwashwa mapema, mara nyingi nusu saa, kabla ya kipimo cha kwanza. Umeme ukikatika na kurudi, saa huanza upya.

Mkono wa fundi

Mizani ikiharibika, hupelekwa kwa fundi. Hapa desturi za karatasi za chipu humhusu mtu mwingine, ila hasara bado ni ya dila. Herufi za mwisho za namba ya chipu si pambo. Hutaja, pamoja na mengine, daraja la joto: chipu za kawaida kwa nyuzi 0 hadi 70, za viwandani kwa nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85. Fundi anayetafuta chipu "inayofanana" akaacha herufi hizo, amebadilisha mizani. Mstari uliochorwa juu ya jina la mguu wa chipu maana yake mguu huo hufanya kazi umeme ukishuka badala ya kupanda. Namba za kumbukumbu huandikwa kwa mtindo wa Intel zikiishia na H, kwa mtindo wa lugha ya C zikianza na 0x, na kwa mtindo wa Motorola zikianza na alama ya dola; ni namba zile zile. Biti zilizoandikwa kuwa zimehifadhiwa haziguswi, hata kama leo hazifanyi kitu, kwa kuwa toleo lijalo la chipu linaweza kuzipa kazi.

Toleo ndilo neno lenyewe. Karatasi nzuri ina orodha ya masahihisho, na chipu nyingi zina waraka wa pili, ule wa kasoro zinazofahamika. Gharama ya kuuficha waraka huo ilionekana mwaka 1994, Profesa Thomas Nicely wa Virginia, Marekani, alipobaini kuwa prosesa ya Pentium hukosea kugawanya baadhi ya namba. Intel, ambayo ilishaijua kasoro hiyo, kwanza ilisema haiwahusu wateja wa kawaida. Ikaishia kubadilisha chipu na kuandika hasara ya dola milioni 475. Tangu hapo orodha za kasoro hutolewa hadharani. Mizani iliyofunguliwa na kubadilishwa chipu, hata na fundi stadi, inatakiwa irudi Wakala wa Vipimo kabla ya kupima dhahabu ya mtu.

Uzito, hata hivyo, ni nusu ya bei. Nusu nyingine ni usafi, na huo masokoni husomwa na mashine ya eksirei, ambayo nayo ni maikroprosesa yenye kijitabu. Mashine hiyo huona ngozi ya juu tu ya dhahabu, unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Kipande ambacho hakikuyeyuka vizuri kitatoa majibu mawili kwa pande mbili. Kando ya asilimia huandikwa alama ya kujumlisha na kutoa, na ni kijitabu pekee kinachoeleza kama kosa hilo limetajwa kwa kipimo kimoja cha mtawanyiko au viwili. Asilimia 92 kwa kosa la 0.3 si sawa na asilimia 92 kwa kosa la 0.6. Kwa kipande cha gramu 100, tofauti ni gramu 0.3 za dhahabu tupu.

Ugomvi wa vipimo si wa wachimbaji wadogo pekee. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alizuia makontena 277 ya makinikia yaliyokuwa yasafirishwe, na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa ya kiasi cha dhahabu kilicho ndani yake ambayo kampuni ya Acacia, mmiliki wa Bulyanhulu na Buzwagi wakati huo, iliikataa. Hatimaye suala likaishia mezani na Barrick, kwa makubaliano yaliyoizaa kampuni ya ubia ya Twiga na malipo ya dola milioni 300. Sheria za mwaka huo huo wa 2017 ndizo zilizopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6 na kuweka ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Asilimia zote huanza kuhesabiwa kutoka tarakimu ya mizani.

Wenza wetu wa Nyarugusu wana njia fupi zaidi ya kumaliza shauri lao. Jiwe la gramu 50 la daraja F1, lenye cheti, haliruhusiwi kukosea zaidi ya miligramu 0.3. Likiwekwa juu ya mizani yao ya mfukoni, isiyo na e wala daraja, litasomeka 50.00, safari hii imebahatika kuwa sawa. Likiwekwa juu ya mizani ya dila, ambayo tangu itoke kwenye boksi haijarekebishwa wala kupelekwa Wakala wa Vipimo, litasomeka 49.83. Gawanya 51.25 kwa 49.83, zidisha kwa 50, na zile gramu 51.42 zinarudi.